Mpaka na Forodha katika Nchi ya Ayalandi

Katika lugha yetu neno mpaka lina kazi mbili. Hutaja alama itengayo shamba na shamba, au nchi na nchi; tena hutaja kikomo cha wakati, kama tusemapo mpaka jioni. Na watu wawili wenye mpaka mmoja twasema wanapakana, ndiyo kusema ya kuwa jambo lile lile liwatengalo ndilo liwafanyalo majirani. Neno forodha limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni mahali pa pwani vyombo vishushapo shehena. Ushuru nalo ni la Kiarabu, na maana yake ya kwanza ilikuwa fungu moja katika kumi. Tumeanza na maneno haya matatu kwa sababu habari tutakazozieleza zote zimo ndani yake: mpaka uliochorwa, forodha iliyohamishwa kutoka pwani kwenda bara na kurudishwa pwani, na ushuru uliowafanya majirani kushindana.

Habari hizi ni za kisiwa cha Ayalandi, ambacho mapadre na masista wake wengi wamefanya kazi katika Kenya na Tanganyika. Watu husikia ya kuwa Uingereza ilipotoka katika Umoja wa Ulaya ilipata shida kubwa kwa ajili ya mpaka wa kisiwa hicho, wakashangaa, maana mpaka wenyewe haukusogea hata hatua moja. Kusudi letu ni kuonyesha ya kuwa mstari waweza kukaa pale pale kwa miaka mia na zaidi, na hata hivyo mpaka ukawa mzito, kisha ukawa mwepesi, kisha ukatisha tena. Kinachotia uzito si mstari, bali ni tofauti ya sheria za pande mbili, na nyumba ijengwayo njiani ili kuilinda tofauti hiyo.

I. Jinsi mstari ulivyochorwa

Tangu mwaka 1609 mfalme wa Uingereza, James wa Kwanza, aliwatia walowezi kutoka Scotland na Uingereza katika jimbo la Ulster, upande wa kaskazini wa kisiwa, katika ardhi iliyokuwa ya watemi wa Kiayalandi. Walowezi walikuwa Waprotestanti, wenyeji walikuwa Wakatoliki. Hivyo tofauti ya dini ilifungamana na tofauti ya ardhi na ya utawala, na fundo hilo halijafunguka lote hata leo.

Waayalandi wengi walipotaka kujitawala, Waprotestanti wa Ulster walikataa kutengwa na ufalme. Bunge la Uingereza likatunga sheria mwaka 1920, nayo ikaanza kutumika mwezi wa Mei 1921, ikikigawa kisiwa sehemu mbili. Ulster ya kale ina wilaya tisa. Katika hizo, sita zilifanywa Ayalandi ya Kaskazini, na tatu, yaani Donegal, Cavan na Monaghan, zikaachwa upande wa pili. Sababu yake ilikuwa hesabu ya watu. Katika wilaya tisa Waprotestanti wangewazidi Wakatoliki kwa kidogo tu; katika sita walikuwa kama theluthi mbili. Lakini hata hivyo wilaya mbili kati ya hizo sita, Fermanagh na Tyrone, zilikuwa na Wakatoliki wengi kuliko Waprotestanti.

Mstari wenyewe haukupimwa upya. Ilichukuliwa mipaka ya wilaya, ambayo zamani ilikuwa imewekwa kwa ajili ya mabaraza ya hukumu na kodi, wala hakuna aliyewaza siku ile ya kuwa itatenga dola na dola. Basi mpaka wapita kama maili 310, ukifuata vijito, ukikata mashamba. Kijiji cha Pettigo kimegawanywa na mto mdogo, upande mmoja ni Donegal na upande wa pili ni Fermanagh. Msafiri aendaye kwa barabara kutoka Clones mpaka mji wa Cavan, miji miwili iliyo katika nchi moja, huuvuka mpaka mara nne katika mwendo wa maili chache.

Wasomaji wetu wataona la kutazamwa katika mambo ya kanisa. Dola iligawanywa, lakini kanisa halikugawanywa. Armagh, mji ambao mapokeo huuhesabu kuwa makao ya Mtakatifu Patrick, una maaskofu wakuu wawili, mmoja Mkatoliki na mmoja wa Kanisa la Ayalandi lililo la Kianglikana, na kila mmoja huitwa mkuu wa maaskofu wa Ayalandi yote. Askofu wa Clogher azurupo parokia zake huenda katika dola mbili. Na hivyo ndivyo walivyo wa Derry na wa Kilmore. Wapresbiteri nao wana baraza kuu moja la kisiwa chote. Basi watu waliotengana katika siasa waliendelea kuhesabu mipaka mingine, iliyo ya kale kuliko ile ya serikali.

II. Forodha yaletwa barani

Miaka miwili ya kwanza mstari haukumgusa sana mkulima. Uzito ulikuja tarehe 1 Aprili 1923, Dola Huru ya Ayalandi ilipoanza kutoza ushuru wake yenyewe. Nyumba za forodha zikajengwa kando ya barabara. Barabara chache ziliruhusiwa kupitisha mizigo. Nyingine, nazo zilikuwa nyingi zaidi, hazikuruhusiwa. Mtu aliyezoea kupeleka ng'ombe sokoni kwa njia ya mkato alijikuta amevunja sheria kwa kutembea njia ya baba yake. Forodha, ambayo kwa asili ya jina ni kitu cha pwani, ilikuwa imehamia katikati ya malisho.

Mkataba wa tarehe 6 Desemba 1921 kati ya Uingereza na viongozi wa Ayalandi ulikuwa umeahidi ya kuwa tume itautazama mpaka na kuurekebisha kwa kufuata mapenzi ya wenyeji, kadiri yanavyopatana na hali ya biashara na umbo la nchi. Tume ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Richard Feetham, jaji wa Afrika ya Kusini. Upande wa Dola Huru alikuwa Eoin MacNeill, mwanachuoni wa Kiayalandi cha kale, aliyekuwa mmoja wa waanzishaji wa chama cha kuihuisha lugha hiyo mwaka 1893. Kwa Kaskazini alikuwa J. R. Fisher, mwandishi wa magazeti, ambaye aliteuliwa na serikali ya Uingereza, kwa kuwa serikali ya Belfast ilikataa kuteua mtu.

Katika maneno yale ya mkataba kulikuwa na mtego. Yapi yatangulia, mapenzi ya wenyeji au hali ya biashara? Feetham aliyasoma kwa ufinyu, akaona ya kuwa tume yaweza kunyoosha mstari mahali mahali, isiweze kuhamisha wilaya nzima. Tarehe 7 Novemba 1925 gazeti moja la London likatoa habari za siri za tume, nazo zilionyesha ya kuwa Dola Huru itapata sehemu ndogo, tena itapoteza kipande cha Donegal. Kukawa na ghadhabu. MacNeill akajiuzulu, na tarehe 3 Desemba mwaka ule ule serikali tatu zikapatana kuuacha mpaka kama ulivyokuwa. Taarifa ya tume ilifungiwa, isichapishwe mpaka mwaka 1969.

III. Magendo na damu

Tangu 1932 mpaka 1938 serikali ya Eamon de Valera na ile ya Uingereza zilishindana kwa ushuru. De Valera alizuia malipo ya kila mwaka ambayo wakulima walidaiwa kwa ardhi waliyoinunua kwa mikopo ya serikali ya Uingereza. Waingereza wakatoza ushuru mzito juu ya ng'ombe wa Ayalandi. Nao Waayalandi wakalipiza. Bei ya ng'ombe ikaanguka upande mmoja wa kijito na kusimama upande wa pili, na usiku ng'ombe wakavushwa. Wakati wa vita ya 1939 mpaka 1945 watu wa Kusini walitafuta chai na unga mweupe Kaskazini, na wa Kaskazini walitafuta siagi na sukari Kusini. Watu wa mpakani hawakuhesabu magendo kuwa wizi, nao waliokuwa wakisali kila Jumapili hawakuona haya kuficha siagi ndani ya koti. Mwalimu wa maadili atalijua tatizo hili: sheria ambayo watu hawaioni kuwa ya haki huwafundisha kudharau hata sheria iliyo ya haki.

Lakini mambo hayakuishia katika siagi. Nyumba ya forodha ni mkono wa serikali ulionyoshwa mpaka barabarani, na mtu aichukiaye serikali huupiga mkono ule kwanza. Katika mapigano ya tangu 1956 mpaka 1962 vituo vya mpakani vilishambuliwa. Katika machafuko makubwa yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 jeshi la Uingereza lilifunga barabara ndogo kwa mabomu na mawe, likajenga minara ya kulinda. Tarehe 22 Agosti 1972 bomu lililipuka katika forodha ya Newry, wakafa watu tisa: watatu ndio walioleta bomu, na wengine walikuwa madereva na watumishi wa forodha. Kabla ya machafuko kukoma watu kama 3,500 walikuwa wamekufa katika pande zote. Asiyeijua habari hii hataelewa kwa nini baadaye kibanda cha kukagulia mizigo kiliogopwa kama kambi ya jeshi.

IV. Jinsi mpaka ulivyokuwa mwepesi

Mpaka haukupunguzwa uzito kwa kufutwa. Ulipunguzwa kwa kuondoa kilichokuwa cha kulindwa. Tarehe 1 Januari 1973 Uingereza na Ayalandi ziliingia pamoja katika Jumuiya ya Ulaya. Ushuru kati yao ukaisha. Lakini ukaguzi ulibaki, kwa kuwa sheria za bidhaa na kodi nyingine zilikuwa bado mbalimbali. Tarehe 1 Januari 1993 soko moja la Ulaya likaanza, na nyumba za forodha za mpakani zikafungwa.

Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 1998, mapatano ya amani yalifikiwa Belfast. Tarehe 22 Mei watu wa pande zote mbili walipiga kura, na waliokubali walikuwa asilimia 71 Kaskazini na asilimia 94 Kusini. Kwa mapatano hayo Ayalandi iliacha dai lililokuwa katika katiba yake ya 1937 juu ya kisiwa chote. Uingereza ilikubali ya kuwa walio wengi Kaskazini wakitaka kuungana na Kusini, wataungana. Na kila mzaliwa wa Kaskazini alipewa hiari ya kuhesabiwa Mwayalandi, au Mwingereza, au yote mawili. Minara ya jeshi ikabomolewa, na barabara zilizofungwa zikafunguliwa, hata zikahesabiwa njia zaidi ya 200 za kuvukia.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana na msomaji, kwa kuwa mabishano yote ya baadaye yalitoka hapo. Mapatano ya Ijumaa Kuu yaliagiza majengo ya ulinzi yaondolewe, ila hayakusema neno la kukataza forodha. Hayakuhitaji kusema, maana forodha zilikuwa zimekwisha kuondoka miaka mitano kabla. Waliotia sahihi walijenga juu ya msingi ambao hawakuutaja, wakidhani utakuwapo siku zote. Juu ya msingi huo maisha yakakua pamoja: kama theluthi ya maziwa ya Kaskazini hupelekwa Kusini kutengenezwa, na wagonjwa wa saratani wa Donegal hutibiwa kwa mionzi katika hospitali ya Derry.

V. Kutoka katika Umoja

Tarehe 23 Juni 2016 Uingereza ilipiga kura ya kutoka katika Umoja wa Ulaya, na waliotaka kutoka walikuwa asilimia 51.9. Katika Ayalandi ya Kaskazini asilimia 55.8 walitaka kubaki. Kwa ghafula ule mstari wa 1921 ukawa mpaka wa Umoja wote wa Ulaya na nchi iliyo nje yake.

Shida haikuwa ya watu kupita. Tangu miaka ya 1920 Waingereza na Waayalandi wana desturi ya kusafiri kati yao bila hati, nao hawakuiacha. Shida ilikuwa ya vitu. Serikali ya Uingereza ilitaka mambo matatu pamoja: kwanza, isifungwe tena na sheria za biashara za Ulaya, pili, kusiwe na ukaguzi katika mpaka wa nchi kavu, tatu, kusiwe na ukaguzi kati ya Kaskazini na sehemu nyingine za ufalme. Kila moja peke yake ni jema kwa wale walitakao, na yoyote mawili yaweza kupatikana. Yote matatu hayawezekani, kwa kuwa sheria za bidhaa zikiwa mbalimbali, sharti pawe na mahali fulani pa kuutazama mzigo. Wako waliosema ya kuwa mashine na hesabu za mbali zitatosha; lakini hata Norwei na Uswidi, nchi zinazopatana sana, zina vituo vya forodha katika mpaka wao.

Waziri Mkuu Theresa May alikubali mwezi wa Novemba 2018 sharti ambalo Waingereza walilipa jina la michezoni, la kizuizi kiwekwacho nyuma ili mpira usipotee. Sisi tutaliita sharti la akiba. Maana yake ni kwamba, isipopatikana njia nyingine, Uingereza yote itabaki katika ushuru mmoja na Ulaya. Tarehe 15 Januari 2019 Bunge lililikataa kwa kura 432 dhidi ya 202, na likakataa tena mara mbili mwezi wa Machi. May akaacha kazi. Boris Johnson aliyemfuata alichagua njia nyingine. Tarehe 17 Oktoba 2019 alipatana na Ulaya ya kuwa Kaskazini ifuate sheria nyingi za bidhaa za Ulaya, na mizigo itokayo Uingereza ikaguliwe bandarini. Uingereza ikatoka tarehe 31 Januari 2020, na utaratibu mpya ukaanza mwaka 2021.

VI. Forodha yarudi pwani

Hivyo neno lilirudi katika maana yake. Forodha ikawa Larne na Belfast, mahali vyombo vishushapo shehena. Wakulima wa mpakani wakashukuru. Lakini uzito haukutoweka, ulihamishwa tu juu ya mabega mengine. Wapenda umoja na Uingereza waliona ya kuwa wametengwa na ufalme wao wenyewe. Duka la Belfast likiagiza nyama kutoka Liverpool sasa lilihitaji hati, kana kwamba limeagiza kutoka ugenini. Mwanzoni mwa Februari 2021 wakaguzi waliondolewa kwa muda katika bandari hizo kwa sababu ya vitisho, na majira ya Pasaka vijana walichoma moto magari mjini.

Nao upande wa Ulaya ulitia jeraha. Tarehe 29 Januari 2021, kwa ajili ya ugomvi wa chanjo, wakuu wa Umoja walitangaza kuitumia ibara ya dharura ya mapatano katika mpaka ule. Wakaiondoa siku ile ile, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kusemwa. Waliokataa utaratibu wakakumbusha ya kuwa Ulaya nayo ingeweza kuugusa mpaka ilipotaka.

Mwezi wa Februari 2022 chama kikubwa cha wapenda umoja na Uingereza kilimwondoa kiongozi wake katika serikali ya Belfast, na serikali ikasimama, kwa sababu kwa mapatano ya 1998 upande mmoja hauwezi kutawala bila mwingine. Wengine walikwenda mahakamani, wakidai ya kuwa sheria ya muungano ya 1800 iliahidi biashara sawa katika ufalme wote. Mahakama Kuu ya mwisho ya Uingereza iliwakatalia tarehe 8 Februari 2023. Tarehe 27 Februari mwaka huo Rishi Sunak na Ursula von der Leyen walipatana huko Windsor. Mizigo ibakiayo Kaskazini ipite njia nyepesi, na ile iwezayo kuendelea Kusini ikaguliwe. Serikali ya Belfast ilirudi tarehe 3 Februari 2024, naye Michelle O'Neill akawa mtu wa kwanza wa upande wa wapenda muungano wa Ayalandi kushika nafasi ya Waziri wa Kwanza. Tarehe 10 Desemba 2024 baraza la Kaskazini lilikubali kuendelea na utaratibu huo kwa kura 48 dhidi ya 36.

VII. Majina

Hatuwezi kumaliza bila kutaja majina, kwa kuwa ugomvi huu wakaa pia ulimini. Nchi ambayo sheria huiita Ayalandi ya Kaskazini, wengine huiita Ulster, ingawa wilaya tatu za Ulster hazimo. Wengine husema Wilaya Sita, wasikiri ya kuwa ni nchi. Tena Donegal, iliyo na ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa, huhesabiwa kuwa Kusini. Mji mmoja kwa Kiayalandi ni Doire, yaani msitu wa mialoni. Mwaka 1613 walowezi wakautia mbele jina la London. Atajaye Derry na atajaye Londonderry wamekwisha kujulikana kabla ya kuulizwa. Kila mwalimu wa Biblia atakumbuka vivuko vya Yordani na lile neno Shibolethi katika kitabu cha Waamuzi, ambapo mtu alipimwa mpakani kwa matamshi yake. Hata utaratibu wa 2021 ulikuwa na majina mawili: wengine waliuita kwa jina la hati, wengine waliuita mpaka wa baharini.

Tumeandika haya kwa urefu kwa kuwa walimu wetu hufundisha mipaka kwa ramani, na ramani huonyesha mstari tu. Katika ramani ya Ayalandi mstari wa 1923, wa 1972, wa 1998 na wa leo ni mmoja. Mtoto atakayeulizwa, Mpaka uko wapi? ataweka kidole mahali pamoja kwa miaka yote. Afadhali aulizwe, Mwaka ule mkulima wa Pettigo alipovuka daraja na ndoo ya maziwa, alisimamishwa na nani, akaulizwa nini? Kwa swali hilo ataijua tofauti ya miaka ile, na ataelewa kwa nini watu walipigania mahali pa nyumba ya forodha kuliko walivyoupigania mstari wenyewe.